Herufi za Papa Mushagalusa

Vita vya kwanza vya Kongo vilipoingia Bukavu, kila mtu alikimbia na alichokipenda. Papa Mushagalusa, mpiga chapa wa mtaa wa Cimpunda, alikimbia na sanduku la herufi za chuma kichwani, akaacha godoro jipya kitandani. Waporaji walibeba godoro. Mashine ya kuchapia iliwashinda uzito. Miaka mitatu baadaye mke wake, maman Adélaïde, alikuwa bado hajamsamehe.

Lakini herufi zenyewe, jamani! Kila herufi na nguzo zake nene, nyeusi ti, halafu vistari vya kuziunganisha vyembamba kama unywele. Alizinunua kwa mapadri, na tangu hapo hakuchapa mwaliko wa harusi kwa herufi nyingine. Matangazo ya msiba aliyachapa kwa herufi za kawaida, nene kote. Marehemu hachagui, alisema.

Sasa ilikuwa zamu ya binti yake. Virginie alikuwa aolewe Jumamosi, na bwana arusi, mwalimu Aganze, amekwama mbali, huko Bunyakiri. Askari wa kizuizi cha barabarani walikuwa wamemrudisha mara mbili, kibali cha kusafiri mkononi, kimepigwa taipu na muhuri juu.

"Karatasi kama hii hata mutoto anaandika," walimwambia.

Virginie alilia mpaka macho yakavimba. Maman Adélaïde akamgeukia mumewe.

"Godoro ilienda, sasa mukwe naye anaenda! Herufi zako zitamuleta?"

Papa Mushagalusa aliziosha herufi kwa petroli moja moja, akatoa karatasi ngumu ya mwisho aliyokuwa ameificha, akachapa mwaliko mmoja wenye jina la Aganze, kwa mkono mwepesi ili vile vistari visivunjike. Maman Feza, muuza samaki ambaye askari walimzoea, akaupeleka Bunyakiri pamoja na ndagala wake.

Ijumaa Aganze alifika kizuizini, mwaliko mkononi. Komanda wa askari aliupokea, akauinua kwenye jua, akapitisha kidole juu ya vile vistari.

"Hii nani anaweza kuiga? Hata noti ya benki haiko hivi. Hii inatoka kwa wakubwa!" Akapiga saluti. "Pita, monsieur le professeur."

Kwa bahati mbaya, kabla ya kuurudisha aliusoma wote, hadi mahali sherehe itakapofanyika.

Jumamosi, maharusi wametoka kanisani tu, komanda huyo hapo na askari saba, buti zimepakwa rangi. Walikaa meza ya mbele. Walikula mbuzi mzima, na wajomba wa Virginie wakaambulia mchuzi. Lakini Virginie alikuwa amekaa karibu na Aganze wake, anacheka, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Maman Adélaïde alizitazama sufuria tupu, akamtazama binti yake, kisha akamsogelea mumewe.

"Baba Virginie," akamwambia polepole, "wakirudi kupora, wewe beba herufi. Godoro nitabeba mwenyewe."