Herufi za Mzee Mwidani

Mjukuu wangu Mwanakheri alikuwa akipanga maandishi kwa kompyuta katika matbaa ya Bwana Kioko, Changamwe, pale malori yanapotikisa kuta hata mijusi huanguka wakiwa usingizini. Mwaka wa tisini na nne Mzee Mwidani wa Likoni akaleta utenzi wake, alioutunga miaka thelathini, kwa herufi za Kiarabu kama tulivyoandikiana sisi wazee. Akataka uchapwe vivyo hivyo. Ukitiwa herufi za Kizungu, atachukua makaratasi yake arudi zake. Kioko akampa Mwanakheri hadi Ijumaa.

Taabu ilikuwa ile programu ya kompyuta. Fungu moja la herufi halikuzidi mia mbili hamsini na sita, na hizi zetu, kwa kuwa hubadili umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, zilipita elfu. Nilizihesabu mwenyewe, na mbili zikanikimbia. Mwanakheri akazikata mafungu matano, akaandika orodha ya kuiambia mashine umbo lipi limo fungu lipi, na ni la ngapi. Zikatoka, ila kila herufi ya mwisho wa fungu ikaacha pengo jeupe. Siku tatu hakula. Akakonda hata buibui lake likawa latembea peke yake.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nikipima mchele wa hitima, nyumbani Chaani. Kibaba cha kwanza kwetu hakiitwi moja, huitwa bismillahi. Cha pili ndicho moja.

"Nyanya, umefika vingapi?" Mwanakheri akaniuliza.

"Tisa."

"Mbona nimeona ukimimina kumi?"

"Cha kwanza ni cha Mungu. Wewe wamhesabia Mungu?"

Akatwaa buibui, akatoka. Kumbe mashine nayo huanza kuhesabu na sifuri, na yeye katika orodha yake alianza na moja. Ndiyo maana herufi ya mwisho ilikosa pa kukaa. Alasiri ukurasa wa kwanza ukatoka mzima.

Ijumaa Mzee Mwidani akausoma, midomo ikimcheza. Hapo Kioko akakiri, huku akijikuna shingo, kwamba hakungoja: tangu Jumatano alishampa mtu mwingine kazi, na nusu ya kitabu imechapwa kwa herufi za Kizungu. Karatasi zimekwisha.

"Babu, nipe wiki moja," Mwanakheri akasema.

"Wewe ningekupa, mjukuu wangu. Huyu simpi."

Akakusanya makaratasi yake, ukurasa ule akauweka juu, akaondoka. Mwanakheri akabaki mbele ya mashine, orodha yake i wazi. Kioko akamwekea kando kadi za harusi azipange.