Wapika Gongo Arobaini wa Kyimo

Namba arobaini iliniondolea usingizi kwa siku tatu. Mama mmoja wa Kyimo, mpika gongo, alituambia anawafahamu wapikaji wenzake arobaini. Tukampa kadi tatu awagawie watatu kati yao, nao waje kuhojiwa. Akazirudisha zote.

Gongo ni haramu, kwa hiyo wapikaji hawana orodha popote. Utafiti wetu wa afya zao ulitegemea kadi kupita mkono kwa mkono. Kazi yangu, mhitimu wa hisabati niliyekuwa kwenye majaribio ya kazi, ilikuwa kukadiria idadi yao wilaya nzima. Anayefahamiana na wengi hufikiwa na kadi kwa urahisi, basi kwenye hesabu nampa uzito mdogo. Yule mama nilimpa sehemu moja ya arobaini. Bosi alilisifu jedwali. Jumatatu angelipeleka kwa wafadhili.

Lakini mtu mwenye watu arobaini anakosaje watatu? Niliwaza anatudanganya. Kisha nikawaza ananishuku ni askari, nikavitazama viatu vyangu, nikaona kweli ni vya kipolisi. Ijumaa nilikwenda Kyimo na ndala. Nilianguka mara mbili kwenye tope.

Nilimkuta anamenya ndizi. Alinitazama miguu, akanisogezea kigoda. Nikamwomba anitajie hao watu. Wa kwanza alikuwa baba mkwe wake, nyumba ya pili.

"Mbona hukumpa kadi?"

"Mwanangu, kwa mila zetu baba mkwe nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Kadi nimrushie?"

Wa pili alikuwa mzee wa kanisa anayekemea pombe kila Jumapili. Huyo haifai ajue kwamba anajulikana kuwa anapika. Wa tatu ni wifi yake, hawasemeshani tangu msiba fulani.

"Ninaoweza kuwapa ni wawili," alisema, "na mlishawahoji. Nyie mliuliza ninaowafahamu."

Kwa hiyo uzito wake ulikuwa nusu, mara ishirini ya nilioandika. Na swali hilohilo tulimuuliza kila mtu. Nikaanza kujitafutia sababu za kunyamaza. Nilipofika ya sita, mama akauliza kama nina malaria.

Nikisema, kibarua changu kingeweza kuota nyasi. Nikampigia bosi palepale, nikamwambia jedwali ni bovu, asilipeleke, nilikosea swali, inabidi tuwaulize upya.

Akauliza, "Wote?"

"Wote. Huyu wa Kyimo nimeshamaliza."

Kabla giza halijaingia nilikuwa nimewauliza wengine wanne.