Bei ya Masizi

Walburga Ranftl hakufungua kitabu chochote kuhusu deraya, mavazi ya chuma ya vita vya kale, mpaka alipokuwa ameshauza kumi na moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alianza na mkokoteni wa vyuma chakavu, akizunguka mashamba ya jimbo la Stiria kununua majembe yaliyovunjika na masufuria yaliyotoboka, kwa kilo. Siku moja bwana mmoja wa mji wa Graz alimlipa pesa ya kula miezi minne kwa bamba la kifuani lililokuwa likikandamizia kabichi ya kuchachusha pipani. Tangu hapo akajua kuna watu wanaopima chuma kwa kilo na wengine wanaokipima kwa miaka. Alinunua kwa wale wa kwanza, akawauzia wa pili, na ujanja wake wote ulikuwa kuhakikisha hawakutani.

Aprili 1974, akiwa na miaka hamsini na minane, alipanda na gari lake la mizigo mpaka kwa Vinzenz Moarhofer, shamba la mwisho juu ya bonde. Alikuwa amesikia kuna kasha la zamani la nguo linauzwa. Kasha lilikuwa zuri kiasi. Kilichomkata pumzi kilikuwa kwenye chumba cha kukaushia nyama kwa moshi, alikopelekwa kuonjeshwa soseji. Katikati ya mapaja ya nguruwe ilining'inia kofia ya chuma, yenye mkia mrefu wa kukinga shingo, nyeusi tititi, imejazwa vijiti vya mreteni vya kufukizia.

Vinzenz alipompa mgongo, Walburga alilamba kidole gumba akasugua ukingoni, padogo kama punje ya dengu. Chini ya masizi palikuwa na rangi nyekundu, na kando yake nyeupe.

Kofia za vita za miaka mia tano zinapatikana, ukizitafuta. Lakini yenye rangi aliyoipaka fundi wa wakati ule alikuwa ameiona moja tu maishani, ndani ya kioo, na mlinzi amesimama pembeni.

Akatafuna soseji yake taratibu, akaisifia, akarudi kwenye kasha. Walibishana saa nzima juu ya kasha: bawaba zimelegea, ubao umeliwa na wadudu, huko mjini nani ana nafasi ya dude kama hili. Mwishoni kabisa, kama mtu anayeomba kitunguu cha nyongeza sokoni, akasema basi amwekee na lile sufuria la vijiti. Shilingi za huko elfu mbili na mia nane kwa vyote viwili. Wakapeana mkono, na kwa watu wa bonde lile mkono ukishatolewa haurudi.

Tatizo ni kwamba mfukoni alikuwa na elfu moja tu. Alifanya hivyo kwa makusudi kila siku, maana mfuko mwepesi humlainisha muuzaji. Akajaribu kusema atangulie na kile kidogo, kasha atalirudia. Vinzenz akatikisa kichwa. Pale kwao hakitoki kitu, awe ng'ombe au kijiko, kabla hela yote haijakaa mezani. Kushikilia zaidi kungekuwa kumwambia mwenyewe kofia ina nini. Walburga akaenda zake benki.

Kwenye kona ya tatu alisimama kupisha fahali. Mwanamume mmoja, magoti kwenye matope, alikuwa akimsugua fahali huyo kwato kwa burashi na maji ya majivu, huku akilaani.

Walburga akamuuliza kama wanakwenda maonyesho.

"Maonyesho gani, mama. Ameuzwa, kesho anachukuliwa. Unataka wakaseme huko kwamba kwetu vitu vinatoka na uchafu?"

Alicheka, na Walburga akacheka naye, kisha akapandisha kioo, na hapo akaikumbuka kofia. Alikuwa amemwona mama yake Vinzenz, Bibi Apollonia, jikoni: bibi wa miaka themanini, vidole vyekundu, vyombo vya shaba vinang'aa hadi vinaumiza macho. Rangi ya miaka mia tano isingestahimili burashi ya bibi yule hata dakika mbili.

Arudi? Akirudi mikono mitupu akasema msiioshe, ni sawa na kuwapigia kengele. Simu shambani hakuna. Benki inafunga saa sita, na saa yake ilisema tano na nusu. Akaendelea kushuka, akihesabu: kasha kubwa, sugua juu, sugua pembe, sugua miguu. Mtu mwenye akili huanza na kubwa. Benki alikuta watu wanne mbele yake. Akatoa elfu kumi na mbili, zote alizokuwa nazo, bila kujua kwa nini.

Aliporudi, kasha lilikuwa uani, jeupe kama mfupa, linatiririka maji. Bibi Apollonia amekaa kwenye kigoda kando yake, beseni mbele, kofia ameipakata, burashi mkononi. Kofia ilikuwa imeloa tu, haijasuguliwa. Bado.

"Mama, hicho kiache hivyo hivyo," Walburga akasema, akijitahidi asikimbie. "Usijisumbue."

"Kitoke kwangu na masizi?"

Walburga akatoa uongo aliouandaa njiani. Ni kwa ajili ya mkahawa mmoja Vienna, ukutani. Watu wa mjini siku hizi wanapenda vitu vichafu, ati ndiyo ukale wenyewe.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamtazama Walburga viatu, akapanda mpaka usoni, akakaa hapo. "Kwa hiyo wananunua masizi."

"Wananunua kofia yenye masizi."

"Mwanangu kauza kofia. Masizi sikumsikia akiyauza."

Vinzenz, aliyekuwa anatoka zizini, aliona aibu. "Mama, tumeshapeana mkono."

"Wa kofia. Kofia ataipata. Safi." Akachovya burashi. "Au, binti, masizi ya babu zetu unayapa bei gani?"

Walburga alijua kwamba wa kwanza kutaja bei ndiye anayepoteza, kwa hiyo akakaa kimya. Burashi ikashuka mpaka nywele zake zikagusa chuma. Akajikuta amesema mia tano.

Bibi alisugua mara mbili, nyuma, kwenye mkia wa kofia, kwa nguvu zote za bega. Maji yaliyoanguka beseni yalikuwa meusi, na ndani yake ukapita uzi mwembamba mwekundu. Walburga aliuona. Bibi alimwona akiuona.

"Mimi pesa za nini," bibi akasema polepole. "Nataka mashine ya kufulia."

Kwa Walburga hiyo ilikuwa bei ya bure. Angeweza kusema ndiyo palepale, kwa furaha, na palepale bibi angeongeza jiko, friji na paa la zizi. Kwa hiyo akakunja uso, jicho likiwa kwenye burashi.

"Iliyotumika ninayo moja, nzima kabisa."

"Mpya." Burashi ikachovywa.

"Mpya bei yake unaijua? Basi fundi wa bomba mumlipe nyinyi."

"Fundi nusu kwa nusu." Tone likadondoka juu ya paji la kofia, likatelemka.

Walburga akapumua kama mtu aliyeibiwa. "Nusu kwa nusu. Na weka hiyo burashi chini, Mama, unanilowesha."

Wakapeana mkono. Kiganja cha bibi kilikuwa na magadi, kikamwasha. Walburga akaiweka hela ya Vinzenz juu ya kasha, akaifunga kofia kwa koti lake mwenyewe, kahawa akaikataa. Vinzenz alimsaidia kupakia, akauliza hayo masizi yana nini hasa.

"Yana wateja," akasema.

"Basi pita na kwenye bomba la moshi," bibi akapaza sauti kutoka kigodani, "humo yamejaa tele."

Mashine ilifika Alhamisi, pamoja na fundi. Kofia ilikwenda Graz kabla ya majira ya joto, kwa shilingi laki moja na elfu themanini. Kabla bei haijafikia hapo, mkusanyaji wa deraya aliyeinunua aliigeuza, akaweka vidole viwili kwenye mkia, pale rangi ilipoisha na chuma kuanza, akakata elfu arobaini. Walburga hakumbishia; yeye mwenyewe angekata hivyo hivyo. Elfu ishirini kila msuguo wa bibi, kwa sababu kwenye masizi alianza na mia tano badala ya elfu moja.