Wingu Alilolingojea Ndugu Yangu

Ndugu yangu mdogo, fundi wa ndege katika kiwanja kimoja kidogo huko Australia, alimwahidi mama kwamba atakuja Gisenyi kumwona akishapanda wingu. Nilidhani anatutania. Kumbe wingu lenyewe lipo: refu ajabu, limeviringika kama mkeka, hutoka baharini alfajiri likiletwa na wimbi la hewa. Hewa ya mbele yake hupanda juu, na watu wenye ndege zisizo na injini huteleza juu ya hewa hiyo kwa masaa, bila kelele. Hutokea majira mafupi tu ya mwaka, karibu na kimji kilicho mbali na kila kitu, na kuna miaka watu hungoja wiki nzima nzima wakarudi mikono mitupu.

Yeye alirudi mikono mitupu mara nyingi. Kila mara alisema mwakani.

Mimi jambo hilo lilinikera, na sikulificha. Tulitoka Goma pamoja tukiwa watoto. Yeye akapata bahati ya kwenda mbali, mimi nikabaki na mama hapa Rugerero, kando ya Gisenyi, nikivuka mpaka wa Grande Barrière kila asubuhi kwenda kuuza vitenge Goma. Nilimwambia ni aibu mtu mzima na ndevu zake kukimbizana na wingu huku mama anazeeka. Mama ndiye aliyenikemea. Alimtetea siku zote, na alipenda zaidi habari aliyompa ya frigo, yaani friji: eti wanaongojea wingu hutazama milango ya frigo kwenye baa, ikitoa jasho jioni wanajua hewa ina unyevu na huenda kesho likaja. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo, wakiongea kwenye simu, salamu zikiisha alimwuliza kama frigo imetoa jasho.

Mwaka jana moyo wa mama ulichoka. Hospitali walitupa dawa wakaturudisha nyumbani, na daktari akaniita pembeni. Nilimpigia ndugu yangu aje. Alikuwa ameshaondoka kwenda kulingojea wingu lake, na huko simu haishiki mpaka uendeshe gari mwendo mrefu. Nikamwachia ujumbe apige. Mama aliniuliza kila nilipomgeuza kitandani.

"Wingu yake haiyafika?"

"Haiyafika, maman."

"Ikifika, atakuja," akasema, akafumba macho.

Alifariki usiku, nimemshika mkono.

Kwetu kifo hakiandikwi kwenye simu. Mtu huambiwa kwa mdomo, akiwa amekaa, na mwenzake yuko karibu. Kwa hiyo niliwakataza jamaa wote, wa hapa na wa Goma, wasiweke picha ya mama popote mtandaoni mpaka nimpate ndugu yangu mwenyewe. Na maneno ya kumchoma nilikuwa nayo tayari. Niliyapanga kichwani asubuhi yote huku nikipokea wageni.

Alipiga mchana, uwanja umejaa watu wa msiba. Nikaingia chumbani kwa mama kupokea. Hakuningoja niseme.

"Yaya, nimeipanda," akasema. Yaya ni dada mkubwa.

Akaanza kueleza. Alfajiri ya kwao siku hiyo ndege nyingine ilimvuta mpaka juu ikamwachia, na wingu likawa ukuta mweupe kando ya bawa lake, jua linatoka, ndege haitikisiki hata kidogo. Alisema alilia peke yake kule juu. Nilimwacha amalize. Hasira ilinitoka yote nikabaki na huruma, maana sikuwa nimeisikia sauti yake ikiwa hivyo tangu utotoni.

"Mupatie maman telefone," akasema. "Nimuambie niko nakuja."

Nikamwuliza yuko na nani. Akasema wenzake wako kwenye gari. Nikamwambia akae chini. Mtu wa kwetu akiambiwa vile ameshaelewa.

"Lini?" akauliza.

Nikamwambia ni usiku wa jana, wakati kwao kunapambazuka.

Tangu wadogo tuliambiwa kwamba mama akifa, mtoto hushtuka mwilini hata akiwa nchi ya mbali. Mama mwenyewe alisimulia jinsi alivyoangusha sahani siku bibi alipokufa. 

"Yaya, mi sikusikia kitu," akasema. "Saa ile nilikuwa na furaha."