Ujumbe Mtupu Ulioharibu Posa ya Bahati

Mimi ndiye niliyemfanya Bahati adai sufuria badala ya kuomba mke, tena redioni, mji mzima wa Sake ukisikiliza.

Salamu za wasikilizaji hufika kwenye redio yetu katika faili ya XML: jina la mtumaji, la mpokeaji, kisha ujumbe. Niliandika programu ndogo ya kuzisoma na kuzipanga. Ikikuta sehemu ya ujumbe ni tupu, inairuka. Nilijisifu sana kwa usafi huo! Sikuona kwamba ujumbe unaofuata hupanda kuziba pengo, huku majina yakibaki palepale.

Jumapili, Mama Riziki alimtumia pasta wake salamu bila kuandika neno. Mtangazaji wetu, Dada Furaha, akasoma kwa sauti tamu: “Pasta, Mama Riziki anasema: nakupenda, kubali tuoane.”

Hayo yalikuwa maneno ya Bahati, mchimba madini wa Rubaya, kwa mpenzi wake Neema. Kabla sijamzuia Furaha, Neema naye akasomewa, kwa jina la Bahati, ujumbe wa mtu mwingine: “Rudisha sufuria yangu.”

Simu ikalia hewani.

“Dada, ni mimi Neema. Sufuria gani? Bahati aseme kama ananitaka ao hapana!”

Furaha akanisukumia maikrofoni. “Mwenye kutengeneza programu njo huyu. Eleza, kaka!”

Nilitaka kusahihisha, lakini kilichotoka kinywani ni posa yenyewe, bila jina la Bahati: “Neema, nakupenda, kubali tuoane.”

“Nimekubali!” akapiga kelele kwa furaha. Kisha akauliza: “Lakini we uko nani?”