Makosa ya Kapteni

Dada yangu alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na moja, kwenye darasa la watu wazima, na mpaka leo hawezi kusoma bila kutoa sauti. Mpe hata karatasi ya dawa, ataisoma kama anatangaza mkutano. Neno halijui mpaka limtoke mdomoni. Zamani nilikuwa namcheka.

Anafua hospitali. Asubuhi nzima anapokea mashuka na foronya za wodini na kuzikung'uta moja moja kabla hazijaingia mashineni, maana wagonjwa huficha humo kila kitu: meno ya bandia, pete, vipande vya mkate. Akimaliza anarudi nyumbani kwa mume wake, na mume wake haongei.

Shemeji hakuzaliwa hivyo. Kabla ya vita watu walimwita Kasuku, na jina lilimkaa, kwani akianza kusimulia unaweza kwenda dukani ukarudi ukamkuta hajafika katikati. Vitani alikaa miaka miwili. Alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili, macho yote. Kilichobaki huko ni maneno. "Ndiyo." "Hapana." "Nimeshiba." Siku ya kumwoza binti yao wa pekee alisimama mbele ya watu, akasema "Haya," akakaa. Majirani walinifariji kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo niliungoja miaka kumi na moja, nikachoka.

Siku moja foronya ikatoa kitabu. Jaladani kulikuwa na askari na bunduki yake, moto nyuma yake, na mwandishi amejiita Kapteni, basi. Mwenye kitabu hakupatikana tena wodini. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha: mfululizo wa kombania ya saba, vitabu kumi na tisa, wa kikosi cha mizinga, tisa, wa wanamaji, sita. Thelathini na vinne, mtu mmoja.

"Huyu analala saa ngapi?" dada akaniuliza.

Jumapili mchana akaanza kukisoma, kwa sauti yake ileile ya mkutano. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, uso mlangoni, kama siku zote. Ukurasa wa kumi na mbili kuna sajenti anafyatua rashasha tangu jua kuzama mpaka alfajiri bila kupumzika. Shemeji akasema, "Mtutu ungeshaiva huo. Unabadilishwa."

Dada alikuja kwangu mbio, kiatu kimoja mguuni. "Maneno manne, mdogo wangu. Manne kwa mpigo."

Akawa mteja wa muuza vitabu vya mitumba jirani na stendi. Akaja na kombania ya saba nzima, akaja na mizinga. Na dada yangu si mjinga, aligundua haraka kwamba mumewe havutwi na hadithi. Anavutwa na makosa. Kapteni naye, Mungu amweke, alijaza makosa kama mchele wa bei rahisi unavyojaa mawe. Aliwaweka askari wanavizia huku wanavuta sigara. ("Moshi huo unanuka mpaka kwa adui.") Aliivusha mizinga matope ya magoti kwa dakika tano. ("Yeye aliwahi kusukuma nini?") Kitabu cha nane akamletea ofisa mayai ya kukaanga ndani ya handaki, na Shemeji akasema "Mayai," akacheka mpaka akakohoa. Dada akaenda jikoni kulia kwa furaha. Bandu bandu huisha gogo, nikamwambia, na kwa mara ya kwanza niliamini ninachosema.

Kila kosa dada aliliandika kwenye daftari.

Katika kitabu cha kumi na nne, askari wanavua viatu wanalala. Shemeji akageuza shingo.

"Viatu havivuliwi. Sisi siku kumi na tisa hatukuvua. Yule mwenzangu, fundi cherehani, akasema hawezi tena, avue kidogo tu. Nikamwambia vua, nitakuangalizia."

Halafu akanyamaza. Dada hakumuuliza. "Inakuja," aliniambia kesho yake. "Ikimtoka hiyo, na mengine yote yatamtoka. Lakini aitoe mwenyewe." Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, mwisho wa ile habari, kutoka mdomoni mwa mume wake.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na kalamu yangu. Vitabu vyote vilikuwa na anwani nyuma: Kapteni hupokea barua za wasomaji. Dada akaona, huyu ni mwanajeshi mwenzake Shemeji. Akijua kuna mtu anayeyajua mambo kiasi hiki, atakuja. Watakaa wawili, watasemezana ya kwao, na mdomo utafunguka. Mwandiko wa dada unatambaa. Mimi ni karani wa shule, nina mwandiko wa cheti. Nikayanakili makosa sitini na matatu, kitabu kwa kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Nikanakili viatu. Nikanakili na fundi cherehani. Niliipenda barua ile, nilipiga hadi mistari kwa rula.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Hakuwa kapteni wa kitu chochote. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, hajawahi kushika hata manati, anaandika kwenye meza ya chakula vitabu vinne kwa mwaka, na magoti yake hayamruhusu kusafiri. "Mama, umenifumbua macho," aliandika. "Naona haya kwa uongo wangu. Kuanzia sasa kila kitu kitakuwa sahihi." Alikuwa mtu wa neno lake, na hilo ndilo lililotuponza.

Kitabu kipya kilifika kwa posta, bure. Mimi nilikuwepo. Mbele kumechapishwa: Kwa askari anayejua. Dada akaanza. Sajenti akaishika rashasha, Shemeji akanyanyua kidole. Sajenti akabadilisha mtutu. Kidole kikashuka. Waliovizia hawakuvuta sigara. Mayai hayakuletwa. Mizinga ilikwama matopeni siku mbili, wakaisukuma, wakalia. Ukurasa wa tisini, askari walikuwa na siku kumi na tisa hawajavua viatu. Fundi cherehani akasema hawezi tena. Mwenzake akamwambia vua, nitakuangalizia.

Nilimkonyeza dada aache, lakini macho yake yalikuwa kwenye kidole kinachofuata maneno. "Mwenzake akasinzia," dada akasoma. Adui wakaja. Fundi cherehani alikimbia peku juu ya kokoto, na hakufika mbali. Ndipo dada akasikia alichokisoma.

"Baba," akasema taratibu, "ndivyo ilivyokuwa?"

"Ameshasema," Shemeji akajibu.

Hatukujua kama ni ndiyo au ni hapana, na hatujui mpaka leo. Tangu siku ile hata "nimeshiba" imekwisha, anasogeza sahani.

Kapteni haachi. Kila miezi mitatu posta inaleta kingine, kizuri kuliko cha jana. Nilimwandikia tena, safari hii bila rula, nikamweleza yote, nikamwomba akosee kidogo tu, hata kwenye sare. Akanijibu kwa upole kwamba anatuombea, lakini wasomaji sasa wanamsifu kwa ukweli wake na hawezi kuwarudisha kwenye uongo. Tenda wema nenda zako, wanasema. Huyu hata kwenda haendi, kila robo mwaka yupo mlangoni. Namchukia mzee wa watu ambaye hajanikosea kitu. Mwandiko wangu nauchukia zaidi.

Jumapili iliyopita dada alifungua cha arobaini na moja. Ukurasa wa tatu akasita, akanitazama, kisha akaendelea.

"Askari wakawasha moto mkubwa juu ya kilima, wakaimba kwa nguvu ili adui ajue walipo."

Nilijua hayo hayakuandikwa. Dada yangu hajui kusema uongo. Sauti ya mkutano ilikuwa imemwishia kooni. Akangoja, na mimi nikangoja naye.

Shemeji akainuka kitini. Akaja akasimama nyuma ya mkewe, akainama, akaweka kidole chini ya mstari. Alikiacha kidole pale mpaka dada alipousoma upya, kama ulivyoandikwa.