Masomo ya Kijitoni

Wifi yangu Janelle hakumtoa mtoto shuleni kwa kupenda makuu. Delia alikuwa na miaka saba, kila asubuhi anatapika kabla basi la shule halijafika, na wenzake darasani wakimwita bubu. Janelle akasema basi, nitamfundisha mwenyewe. Kaka yangu Merle, dereva wa lori anayeonekana nyumbani mwisho wa juma tu, alikubali kwa sharti moja: mkaguzi akikataa kutia saini hata mwaka mmoja, Delia anarudi shule. Huku Pennsylvania kila anayefundisha nyumbani huandika daftari la siku mia moja na themanini, na mwisho wa mwaka mkaguzi, yaani mwalimu mwenye cheti, hulipitia, humhoji mtoto na kutia saini.

Miaka miwili ya kwanza saini ilipatikana bila shida. Wakati wa kifungua kinywa Janelle alisoma sura nzima kwa sauti, kisha mtoto akaisimulia kwa maneno yake, kama wengi wa huku wanavyofundisha. Delia alikuwa anasimulia mpaka kahawa yako inapoa mkononi. Baadaye alipewa ukurasa mmoja wa sura hiyohiyo ausome mwenyewe, naye akautiririsha wote.

Mwaka wa tatu baridi ilitukalia mpaka mwisho wa Machi. Halafu ndani ya wiki moja theluji ikayeyuka, jua likatoka, na mtoto akawa hashikiki.

"Mama, ukurasa mmoja tu halafu natoka?"

"Mmoja. Lakini usome vizuri, sio kukimbia."

Akausema wote bila kuvuta pumzi, mguu mmoja tayari umo kwenye buti la mpira, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

"Umemsikia, wifi?" Janelle akaniambia. "Huyo ndiye waliyemwita bubu!"

"Tena mwache acheze mpaka jioni. Miezi mitano umemfungia humu kama kuku anayeatamia. Kwani kule kijitoni nyuma ya nyumba si somo? Andika sayansi."

"Sayansi gani ya kurudi na tope mpaka masikioni?"

"Basi andika na mazoezi ya viungo."

Tukacheka, akaandika. Aprili nzima iliandikwa hivyo. Delia alirudi na mayai ya vyura ndani ya chupa, akayachora, mama akamwandikia pembeni jina la kilichochorwa, naye akalinakili chini ya picha kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Mimi nilijiona mjuzi wa malezi, ingawa sijazaa hata mmoja.

Dalili zilikuwapo, na ninajichukia nikizikumbuka. Akipewa kitabu kigeni tumbo linamuuma. Siku moja nilimwomba anisomee maelezo kwenye kopo la supu kwa kuwa sikuwa na miwani, akacheka, akakimbilia nje. Sisi tukasema, mtoto mchangamfu huyu.

Mwezi wa Mei tukaenda watatu kwa Bi. Rausch, mkaguzi mpya, maana yule wa zamani alikuwa amehama. Alitukaribisha vizuri, akafunua daftari la michoro na kulisifu. Delia akamtajia kila picha: chura wa mitini, jani la mwaloni, ndege wa kifua chekundu. Bi. Rausch akafunua ukurasa mwingine, akaifunika picha kwa kiganja kabla mtoto hajaiona.

"Sasa nisomee neno hili hapa chini. Umeliandika mwenyewe, sivyo?"

Delia akamtazama mama yake.

"Naweza kukusimulia sura ya leo asubuhi. Naijua yote."

"Baadaye, binti. Kwanza hili."

"Ndege?"

Bi. Rausch akaondoa kiganja. Alikuwa kobe.

Akamletea kitabu cha darasa la kwanza, chenye maneno matatu kila ukurasa. Delia alishindwa ukurasa wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi kasoro mwezi mmoja.

"Janelle, huyu mtoto ana akili sana," Bi. Rausch alisema taratibu. "Ndiyo maana ameweza kuwaficha. Lakini saini siwezi kutia, nisamehe."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo watu husema. Ila Delia hakuwa peke yake katika kuficha. Sisi watu wazima wawili tuliishika kalamu na kumsaidia, siku baada ya siku.

Tulipofika nusu ya njia ya kurudi nyumbani Janelle akaegesha gari kando ya barabara. Nje kulikuwa kuzuri mno, watoto wa watu wanaendesha baiskeli.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungejua, ungenirudisha," Delia akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nasikiliza kwa bidii asubuhi. Nikishika yote, wewe unafurahi."

"Mungu wangu, Delia."

"Kule walinicheka kwa hilohilo, mama. Kusoma. Sasa narudi?"

Janelle akaulaza uso wake juu ya usukani. Merle ninamjua tangu utoto, neno lake halirudi nyuma. Na mtoto alikuwa anangoja.

"Ndiyo," nikamwambia. "Septemba, shule zikifunguliwa."

"Nitakaa na watoto wa darasa la kwanza?"

"Sijui, Delia. Labda."

Akafungua mlango, akatapika kwenye majani.